Sahani, kopo au kipimo: njia tatu za kutafuta vitamini unapoandamwa na wasiwasi

Huwa wanakuja jioni, maduka ya Mwanga yakianza kuwasha taa. Mtu anasimama pembeni mpaka wateja wengine waondoke, kisha anainama juu ya kaunta: "Dada, moyo unanidunda. Usingizi sipati. Kuna vitamini ya kutuliza?" Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Kigoma mjini. Swali hilo nimelisikia kwa mama wa sokoni, kwa mwanafunzi anayesubiri matokeo, kwa dereva wa bodaboda, hata kwa mzee mwalimu mstaafu aliyeitikia shikamoo yangu, akakaa kimya kidogo, ndipo akauliza.

Wasiwasi ninaouzungumzia hapa si ule wa usiku mmoja kabla ya safari. Ni ule unaokaa wiki baada ya wiki: mawazo hayatulii, mabega yamekaza, moyo unakwenda mbio bila sababu, chakula hakipiti. Wenye hali hiyo wakitaka kujaribu vitamini wana njia tatu. Ya kwanza ni kurekebisha sahani. Ya pili ni kununua kopo la vidonge. Ya tatu ni kwenda kituoni kupimwa kwanza. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: vitamini humtuliza zaidi yule aliyepungukiwa nayo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "vitamini ipi?", jiulize umepungukiwa na nini, na kama umepungukiwa kweli.

Vigezo vya kulinganishia

Nimezipima njia zote tatu kwa mambo matano: ushahidi kwamba inapunguza wasiwasi, muda wa kuona mabadiliko, gharama na upatikanaji wake hapa Kigoma, hatari zake, na mtu inayemfaa.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya hapo. Ubongo una kemikali ya kuutuliza inayoitwa GABA. Mwili huitengeneza kutoka kwenye glutamati, ambayo yenyewe kazi yake ni kuuchangamsha ubongo. Kimeng'enya kinachofanya mageuzi hayo hakifanyi kazi bila vitamini B6. Ndiyo maana B6 inatajwa sana watu wakizungumzia wasiwasi. B12 na foleti (vitamini B9, ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki) zinahusika na utengenezaji wa damu na afya ya mishipa ya fahamu, na B12 ikipungua sana mtu anaweza kupata ganzi, kusahausahau na kubadilika hisia. Madini ya chuma si vitamini, lakini siwezi kuyaacha nje. Mtu mwenye upungufu wa damu moyo wake hukimbia, huhema akipanda kilima kidogo tu, hupata kizunguzungu na uchovu. Ukimsikiliza bila kumpima, utasema ana wasiwasi. Mwili unampa dalili zote za hofu wakati shida ipo kwenye damu.

Njia ya kwanza: sahani

*Ushahidi.* Hakuna mlo uliothibitishwa kuponya ugonjwa wa wasiwasi. Kilichopo ni ushahidi wa wastani kwamba chakula bora kinasaidia hali ya akili kwa ujumla. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 12 kwa watu wazima 67 wenye sonona (huzuni nzito inayodumu). Waliosaidiwa kubadili chakula walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mtu wa kuzungumza naye tu. Hiyo ilikuwa sonona, ingawa sonona na wasiwasi hutembea pamoja mara nyingi.

Nikiitazama sahani ya Kigoma kwa jicho hilo, naona tuna neema kubwa na pengo moja. Neema ni Ziwa Tanganyika. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi uone dagaa walivyoanikwa, wanang'aa kama vipande vya bati. Dagaa huliwa mzima, na kichwa chake na mifupa yake, kwa hiyo unapata B12, B6, chuma, kalisi na vitamini D kwa tonge moja. Migebuka nao ni hivyohivyo, ila mifupa tunaitupa. B12 haipatikani kwenye mboga wala nafaka kwa asili, inatoka kwa wanyama na samaki, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Anayekula samaki mara kwa mara na tumbo lake linafyonza vizuri ni vigumu kuikosa.

Pengo ni ugali. Ugali wa muhogo unashibisha, nami naupenda, lakini kwa vitamini za kundi B ni mwepesi. Sembe iliyokobolewa nayo imeacha kiini na pumba mashineni, na humo ndimo vitamini za B na magnesi nyingi zilimokuwa. Dona inazibakiza. Kwa B6, mtu mzima wa chini ya miaka 50 anahitaji kama miligramu 1.3 kwa siku. Ndizi mbivu moja ya wastani inakupa karibu 0.4, na maharage, viazi, karanga na samaki wanamalizia. Maharage na ndizi zinashuka kutoka Kasulu na Buhigwe, hatuviagizi mbali.

Mawese nayo yana sifa zake. Rangi ile nyekundu ni ya viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji. Lakini wapo wanaoyachemsha kikaangoni mpaka yageuke meupe ili kupunguza harufu, na wakifanya hivyo wameunguza kile kilichoyapa thamani. Nisieleweke vibaya: mawese hayajathibitishwa kutuliza wasiwasi. Nayataja kwa sababu mara nyingi anayenunua kopo la vitamini A ana chupa ya mawese jikoni.

*Muda.* Ni polepole, wiki kadhaa mpaka miezi. Usitegemee kula dagaa leo ulale usingizi leo.

*Gharama na upatikanaji.* Kwa wengi wetu hii ndiyo nafuu kuliko zote, kwa sababu pesa ya mboga inatoka kila siku kwa vyovyote. Tatizo ni msimu. Ziwa likifungwa ili samaki wazaliane, kama lilivyofungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024, samaki wabichi wa ziwani wanakuwa adimu. Aliyeweka akiba ya dagaa wakavu mahali pasipo na unyevu anapita kipindi hicho salama.

*Hatari.* Karibu hakuna. Ila angalia chai. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga. Isogeze mbele saa moja au mbili, na mezani weka chungwa, limau au pera badala yake. Na sombe (kisamvu) iliyochemshwa kutwa nzima kisha maji yake yakamwagwa, imemwaga na sehemu ya vitamini zake.

*Inamfaa nani.* Anayesumbuliwa kwa kiasi bila kukwama kazini wala nyumbani, na familia inayotaka kujenga msingi wa wote, watoto wakiwemo. Haimfai peke yake mtu ambaye tayari ana upungufu mkubwa wa damu, wala ambaye hofu imemzuia kutoka nje. Huyo hawezi kungoja sahani.

Njia ya pili: kopo

*Ushahidi.* Hapa kuna utafiti mmoja ambao wateja hunionyesha kwenye simu zao. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kilichapisha mwaka 2022 matokeo ya jaribio la vijana 478. Walipewa kila siku kwa mwezi mmoja kidonge cha B6, au cha B12, au kidonge kisicho na dawa. Waliotumia B6 walisema wasiwasi wao umepungua, wakati B12 ilileta tofauti ndogo sana. Ni habari njema, lakini isome mpaka mwisho. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo. Kipimo kilikuwa karibu miligramu 100, yaani mara nyingi sana ya mahitaji ya siku. Na ulikuwa mwezi mmoja, si mwaka.

Kwa magnesi, zipo tafiti zinazoashiria msaada kwa wenye wasiwasi mdogo, ila ubora wake si mkubwa. Vitamini D ina matokeo yanayopingana, na kwa mtu anayeshinda juani huku kwetu sioni sababu ya kuanza nayo. Mafuta ya samaki ya omega-3 yalionekana kusaidia katika uchambuzi wa majaribio 19 uliochapishwa mwaka 2018, lakini kwa gramu 2 au zaidi kwa siku, kiasi ambacho vidonge vingi vya kawaida havifikii kwa kimoja.

*Muda.* Mwezi mmoja, ukifuata mfano wa jaribio lile. Mwezi ukiisha bila tofauti, kopo la pili halitafanya ambacho la kwanza limeshindwa.

*Gharama na upatikanaji.* Yanapatikana kila mahali, na hiyo ni faida na hasara kwa pamoja. Pesa ya kopo moja la kutoka nje ni mboga ya nyumbani kwa siku nyingi. Pakiti za B mchanganyiko ni nafuu, na watu wamezoea kuziita dawa ya ganzi.

*Hatari.* Niruhusu nikae hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia. Alikuja fundi cherehani mmoja wa Gungu, kijana makini, akalalamika miguu inamwaka: "Dada, nikikanyaga sakafu ni kama nakanyaga mchanga wa saa saba mchana. Nipe dawa ya ganzi kali kuliko ile." Nikamwomba alete ile anayotumia. Kesho yake akaiweka juu ya kaunta, pakiti imekunjika kwa kukaa mfukoni. Nikageuza nyuma tukasoma wote: B6, miligramu 200 kwa kidonge. Alikuwa anameza viwili kwa siku, miezi mingi, tangu rafiki yake amwambie inatuliza mishipa na mawazo. Jumla ni miligramu 400 kila siku.

B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na dalili yake ya kwanza ni ganzi na kuwaka miguuni na mikononi. Ukiipungukiwa, ganzi. Ukiizidisha, ganzi. Kwa hiyo mtu anaongeza dozi ya kitu kilekile kinachomdhuru, akidhani anajitibu. Kwa muda mrefu Marekani imetumia miligramu 100 kwa siku kama kiwango cha juu cha kutovuka. Mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishuka zaidi, ikaweka 12. Fundi wetu nilimwambia aziache, nikamwelekeza kituoni apimwe na sukari pia. Miguu ilitulia taratibu, ikachukua miezi.

Hatari nyingine nazipitia haraka. Vidonge vya vitamini A iliyo tayari, vikizidi, vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mjamzito asivimeze bila kuelekezwa kliniki. Asidi ya foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa B12 kwenye damu huku mishipa ikiendelea kuumia. Vidonge vya chuma ni sumu kwa mtoto mdogo akivimeza kama pipi, viweke juu. Na vinywaji vya enaji mara nyingi vimetiwa B6 na B12, kwa hiyo kijana anasoma "vitamini" kwenye kopo na kujiridhisha, huku kafeini iliyomo humo ndiyo inayomdundisha moyo.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye wasiwasi mdogo, asiye mjamzito, asiyetumia dawa nyingine, anayetaka kujaribu kwa mwezi mmoja na kipimo kidogo kilichoandikwa wazi kwenye kopo. Pia wale ambao sahani haiwatoshi kwa sababu inayojulikana: asiyekula samaki, nyama, maziwa wala mayai anahitaji B12 ya kidonge. Anayetumia dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi hupewa B6 na kituo, kwa sababu dawa hiyo huimaliza mwilini. Kama ni wewe, usiiache eti kwa sababu umesoma habari ya fundi. Kipimo chako kimepangwa.

Njia ya tatu: kipimo

*Ushahidi.* Ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, maana inashughulikia pande zote mbili: upungufu ukikutwa unatibiwa, na wasiwasi wenyewe una tiba yake. Kuna dodoso la maswali saba, GAD-7, linalouliza hali yako kwa wiki mbili zilizopita, na alama 10 au zaidi ni ishara ya kuangaliwa kwa kina. Tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzipima na kuzijibu fikra zake za hofu imejaribiwa sana na inasaidia wengi. Dawa kama fluoksetini nazo zipo, daktari akiona haja.

Kwa upande wa mwili, kipimo cha wingi wa damu ndicho ningekiomba kwanza. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Kisha malaria, sukari, presha, na choo kwa ajili ya minyoo na kichocho, maana sisi watu wa ziwa tunaoga, tunafua na kuvua humohumo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta moyo kukimbia, kutetemeka na kukonda, na hakuna vitamini itakayoituliza.

Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alikuja kununua "vitamini ya presha ya mawazo". Wakati anahesabu pesa nikaona viganja vyake. Nikamwomba, "Mama, samahani, hebu nione jicho." Akavuta ukope chini kwa kidole: ndani palikuwa peupe, hakuna hata wekundu wa kuazima. Sikumuuzia kitu. Alipopimwa damu ilikuwa ndogo sana, na choo kikaonyesha minyoo. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, akaambiwa atenganishe chai ya rangi na chakula, chai aliyokuwa akiinywa mara tatu kwa siku. Angekunywa vitamini bila kutoa minyoo angekuwa anajaza ndoo iliyotoboka. Baada ya miezi kama miwili alipita dukani akaniambia moyo umeacha kukimbia. Mawazo ya ada ya watoto, akasema, yapo palepale, ila sasa analala.

*Muda.* Jibu la wingi wa damu na malaria ni la siku hiyohiyo. Damu hupanda ndani ya wiki kadhaa, na vidonge vya chuma huendelezwa kama miezi mitatu zaidi ili akiba ijae. Mazungumzo na dawa za wasiwasi huhitaji wiki kadhaa pia.

*Gharama na upatikanaji.* Hapa ndipo njia hii inapoelemea. Anayeishi mjini ana vituo vya afya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Anayeishi kijiji cha mwambao anahesabu nauli ya boti kwenda na kurudi, na siku nzima ya biashara iliyopotea. Kipimo cha kiwango cha B12 chenyewe hakipo kila kituo. Mwenye bima aibebe, na aulize mapema kipi kinalipiwa.

*Hatari.* Kipimo chenyewe hakidhuru. Kinachoweza kuumiza ni kuambiwa "ni mawazo tu" ukarudishwa nyumbani. Likikupata, rudi, au omba kuonana na mwingine, na sema wazi kwamba wasiwasi unakuzuia kufanya kazi. Pia usikubali kuendelea na diazepamu kwa muda mrefu bila usimamizi. Inatuliza haraka, na haraka hiyohiyo ndiyo inayomfanya mtu aizoee ashindwe kuiacha.

*Inamfaa nani.* Mjamzito, mwenye hedhi nzito, anayekonda bila sababu, mwenye ganzi, anayetumia metformini ya kisukari kwa miaka (hupunguza ufyonzaji wa B12), na yeyote ambaye dalili zimepita wiki mbili na zinamvurugia kazi au usingizi.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama wewe ni dereva au mlinzi unayepitisha usiku kwa kahawa ya kijiweni na enaji mbili, anza kwa kuvipunguza vinywaji hivyo kwa wiki mbili kabla ya kununua chochote. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asivuke miligramu 400 za kafeini kwa siku, na wenye wasiwasi wengi wanadundwa na moyo hata chini ya hapo. Punguza kidogo kidogo, ukikata ghafla kichwa kitauma.

Kama una mimba au unanyonyesha, njia yako ni kliniki. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki utakavyopewa huko vimepimwa kwa ajili yako. Sahani iendelee, kopo la dukani liache.

Kama wasiwasi ni mdogo na unajua kabisa kwamba mwezi mzima umekula ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi, rekebisha sahani wiki sita hadi nane: dona mara kadhaa, dagaa, maharage, ndizi, tunda baada ya mlo. Ukitaka kuongeza kidonge katikati, chagua chenye kiasi kinachokaribia mahitaji ya siku, si maradufu yake, na uandike tarehe ulipoanza.

Kama uko kijijini mbali na nauli ni ngumu, sahani ni ya leo na kipimo ni cha safari ijayo mjini. Ukija kuuza samaki Kibirizi, tenga saa mbili za kupima damu siku hiyohiyo.

Kama kuna maumivu ya kifua, kuzimia, au mawazo ya kutaka kujidhuru, usipite dukani kwetu kwanza. Nenda hospitali sasa, na usiende peke yako.

Na popote utakapokwenda kupimwa, weka kwenye mfuko kila kopo, pakiti na dawa ya mitishamba unayotumia. Viweke mezani mbele ya mhudumu, umwombe asome miligramu moja baada ya nyingine mkiwa wote.